UZI: Meseji 400 kwa mwezi, oda 9. Duka la mapazia linavujisha wapi pesa ya matangazo?

#1 Kipimo Sahihi
Habari wakuu. Hoja yangu: maduka mengi ya Instagram hapa Dar hayashindwi kutangaza. Yanashindwa pale mteja anapoandika "bei?".

Ili tusiongee hewani, tuchukue duka la mapazia lenye fremu Kariakoo. Linasponsa sh 10,000 kwa siku, yaani 300,000 kwa mwezi. Tuseme kila mazungumzo mapya ya WhatsApp yanagharimu sh 700, hapo yanaingia kama 428. Oda zinazolipiwa ni 9. Pea ya pazia na shia (pazia jepesi linalopitisha mwanga) inauzwa 85,000. Toa kitambaa, ringi, ushonaji na boda, inabaki 25,000. Mara 9 ni 225,000. Duka limepata hasara ya 75,000 huku simu haipoi kutwa nzima.

Wanaojua waseme: tatizo ni tangazo, bei kufichwa, majibu kuchelewa, au watu wanaogopa kutuma hela?

#2 Upepo wa Kusi
Tangazo. Wengi wanabonyeza kitufe cha Boost chini ya posti, wanachagua "watembelee ukurasa", basi. Mfumo wa Meta, wenye Facebook na Instagram, unakutafutia watu kulingana na lengo ulilochagua. Ukiomba watembeleaji utaletewa watembeleaji, wale wa kupita, kulaiki na kuendelea na safari. Fungua Ads Manager (sehemu ya Meta ya kusimamia matangazo) kwenye kompyuta, chagua lengo linaloishia kwenye mazungumzo ya WhatsApp, kisha uunganishe namba ya WhatsApp Business na ukurasa wa Facebook. Bila huo muunganiko tangazo halitampeleka mteja kwenye WhatsApp yako.

#3 Dada Pindo
Mimi nasema bei. "Bei njoo inboksi" inamkera mnunuzi na inamleta asiye mnunuzi. Mwenye hela ana maduka kumi ya kulinganisha, anapita kwa lililoandika bei. Anayebaki kuuliza ni yule asiyejua kabisa pazia linauzwaje.

Najua utetezi wa wauzaji: pazia halina bei moja, inategemea dirisha. Sawa, lakini hesabu yake si siri. Dirisha la upana wa mita 1.5 linakula kitambaa mara mbili, mita 3. Anayetaka mikunjo minene anazidisha mara 2.5, mita 3.75. Roli la sentimita 280 linageuzwa, upana wake unakuwa kimo cha pazia, kwa hiyo huungi kitambaa popote. Kwa hesabu hiyo unaweza kuandika bei tatu kwenye picha yenyewe: dirisha dogo, dirisha la kawaida, mlango wa kioo wa kusukuma. Picha moja, bei tatu, nusu ya maswali yamekwisha.

Kinachoua zaidi ni "kuanzia 35,000" juu ya picha ya pazia la 120,000. Meseji zitajaa, na kila atakayejibiwa 120,000 ataondoka akiona amedanganywa.

#4 Daftari la Mkopo
@Upepo wa Kusi, soma tena #1. Hesabu ya mleta uzi tayari ni ya mazungumzo ya WhatsApp kwa sh 700. Lengo la tangazo halina kosa hapo.

Namba ninayoitilia shaka ni ile ya "pea moja". Nani anabadilisha pazia la dirisha moja? Nyumba ina sebule, vyumba, labda na jiko. Kama kati ya oda 9 zipo 3 za madirisha manne, faida ni 6 × 25,000 na 3 × 100,000, jumla 450,000. Ni tangazo lile lile na meseji zile zile, ila hasara ya 75,000 imekuwa faida ya 150,000. Duka lisilomuuliza mteja ana madirisha mangapi linaacha pesa mezani, halafu linalaumu Instagram.

#5 Mtaa wa Likoma
Dada Pindo, shia huwa tunazidisha mara 3, siyo 2. Ni nyepesi, ukiweka mara mbili inaonekana kama chandarua.

#6 Bahari Shwari
Jamani huu uzi ni wa matangazo au wa cherehani? 😄

#7 Dada Pindo
Mtaa wa Likoma yuko sahihi kwa shia nyepesi sana. Zile nzito kidogo mara 2.5 inatosha, mara 3 unaongeza gharama bure. Bahari Shwari, ukimtajia mteja bei kabla ya kujua hayo, utaishia kula hasara au kumwongezea bei katikati ya mazungumzo. Hapo ndipo anapotea, kwa hiyo cherehani ndiyo tangazo.

#8 Jibu Haraka
Naona mnaruka muda wa kujibu. Mtu anauliza saa 3 usiku akiwa kitandani, anajibiwa kesho saa 4 asubuhi: "karibu mpendwa, bei 85,000". Ameshalala, ameamka, ameshasahau.

WhatsApp Business ina vitu vitatu ambavyo maduka mengi hayajavigusa. Kwanza salamu ya kujiendesha: mteja akiandika tu, anapokea. Isiwe "asante kwa kuwasiliana nasi", iwe kazi: "Karibu. Tutumie (1) idadi ya madirisha, (2) upana wa kila dirisha kwa sentimita, (3) eneo ulipo." Pili majibu ya haraka: unaandika alama ya mkwaju (/) na neno fupi, mfano /vipimo, ujumbe mzima unatoka pamoja na picha ya jinsi ya kupima. Tatu lebo: mteja mpya, malipo yanasubiriwa, amelipa. Jioni fungua lebo ya "malipo yanasubiriwa" na ufuatilie hao kabla ya kuwaza kutafuta wapya.

#9 Daftari la Mkopo
Nyongeza kwa #8, watu wasije wakashangaa: salamu hiyo haitoki kila siku. Inatoka kwa anayeandika mara ya kwanza, au aliyekaa kimya siku 14. Mteja aliyeuliza Jumatatu na kurudi Alhamisi haipati. Kwa hao tumia ule ujumbe wa "hatupo kwa sasa", unapangiwa saa zake.

Na mzigo wa kujibu usimwachie bosi peke yake. Akaunti moja inaunganishwa na vifaa vingine hadi 4, bila kumpa mtu simu yako. Mmoja awe dukani kwenye kompyuta, mwingine nyumbani jioni. Mgawane zamu kwa saa, la sivyo mteja mmoja atatajiwa bei mbili na watu wawili.

#10 Mwana wa Mbezi
Wote mmesema vizuri ila mmeruka hofu ya kutapeliwa. Mnunuzi wa mtandaoni Tanzania anauliza jambo moja kabla ya mengine: hawa wapo kweli?

Angalieni Lipa Namba, ile namba ya duka ya kupokea malipo ya simu. Mteja akiweka namba na kiasi, simu inamwonyesha jina la mpokeaji. Ukurasa unaitwa jina la duka, jina linalotokea ni la mtu binafsi asiyetajwa popote kwenye ukurasa. Anaghairi hapo hapo, na hatakuambia kwa nini. Sajili Lipa Namba kwa jina la biashara, kisha uliandike hilo jina kwenye maelezo ya ukurasa na kwenye ujumbe wa malipo: "jina litakalotokea ni hili". Kama bado hujasajili, basi jina la mwenye duka litajwe wazi kabla mteja hajakutana nalo.

La pili ni picha. Picha za kiwandani China zimesambaa kwenye kurasa hamsini. Mteja akiona sebule ile ile kwa wauzaji watatu, anajua hakuna aliyeishona. Piga video ya sekunde 20 ya pazia likifungwa kwenye nyumba ya Kibongo, yenye nondo za dirisha na feni ya juu. Haipendezi kama ya kiwandani, lakini inaaminika.

#11 Upepo wa Kusi
@Daftari nimekubali kwa #4. Lakini lengo la mazungumzo nalo lina tundu: Meta inawatafuta wepesi wa kuanzisha mazungumzo, haiwatafuti wepesi wa kulipa. Hakuna mahali inapojua nani alilipa kwa Lipa Namba. Kwa hiyo meseji 428 na oda 9 bado ni suala la tangazo, kwa njia nyingine.

#12 Ramani Mkononi
Kwa hofu aliyotaja #10, wekeni duka kwenye Google. Ni bure. Fungua wasifu wa biashara, chagua kundi la duka la mapazia, weka saa za kufungua. Uhakiki siku hizi mara nyingi ni wa video: unarekodi bila kukata, unaanza barabarani ionekane mitaa ya jirani, bango la duka, kisha unafungua mlango au droo ya mauzo kuonyesha kwamba mwenye mamlaka ni wewe. Wengi wanakataliwa kwa kurekodi ndani tu.

Kosa jingine ni jina. Bango limeandikwa maneno mawili, mtu anajaza Google "Mapazia Bei Rahisi Kariakoo Dar Shia Fimbo". Wasifu unasimamishwa. Andika jina lililo kwenye bango. Halafu pini: Kariakoo fremu zimebanana, pini ikisogea kidogo mteja anaishia duka la vyombo. Ipime ukiwa umesimama mlangoni, na uandike ghorofa na namba ya fremu.

Maoni waombe wateja wote waliofungiwa pazia, kwa kiungo cha maoni kutoka kwenye wasifu. Usitoe zawadi ili upewe nyota, Google inakataza na inayafuta.

#13 Kisauni
Salama wenzangu, nipo Mombasa. Kuondoa hofu hiyo ya #10, wengi mitandaoni huwashauri watu kuposti skrinshoti za wateja walioridhika. Tahadharini. Huku kwetu tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na mwaka 2023 sehemu moja ya starehe Nairobi ilitozwa KSh 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila ridhaa yake. Nanyi huko mna sheria yenu.

#14 Daftari la Mkopo
Ndiyo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kwa duka ina maana hii: kabla ya kuposti skrinshoti au picha ya sebule ya mtu, omba ruhusa kwa maandishi kwenye mazungumzo yale yale na uihifadhi. Namba, jina na picha ya wasifu vifutwe kabisa, siyo kupakwa rangi nyepesi inayopenyesha. Picha ya sebule nayo ichunguzwe, mara nyingi kuna picha za familia ukutani.

#15 Bahari Shwari
Swali la msingi kidogo: hilo tangazo linaonekana wapi? Kama limewekwa Tanzania nzima na fundi wa kupima yupo Dar tu, meseji za Mwanza na Mbeya zinakula ile 700 bure.

#16 Upepo wa Kusi
Umegonga penyewe. Siku hizi Meta ikikuwekea hadhira ya kujiendesha, vitu kama mambo mtu anayoyapenda inavichukua kama ushauri tu, inaweza kuvivuka. Eneo haivuki. Kwa hiyo eneo ndiyo kufuli yako halisi: weka pini na mzunguko wa kilomita unazofika kweli. Mikoani fungua tangazo la pembeni lenye maneno mengine, "unapima mwenyewe, tunashona, tunatuma kwa basi", pamoja na video ya kupima.

Mengine mawili yanayokula hela kimya kimya. Akaunti ya matangazo ikifunguliwa ikabaki na saa za Los Angeles, "siku" yako inaanza saa 4 au saa 5 asubuhi ya kwetu, na ripoti ya kila siku inakuwa mchanganyiko wa siku mbili. Saa na sarafu chagua sahihi tangu mwanzo, kuzibadilisha baadaye kunamaanisha akaunti mpya. Na wa iPhone: Meta ilitangaza mwaka 2024 kwamba kusponsa ndani ya aplikesheni ya iPhone kunapitia malipo ya Apple, yenye makato ya asilimia 30. Lipia kupitia kivinjari.

#17 Jibu Haraka
Mimi ningegawa ile 10,000 kwenye seti tano za matangazo, kila seti picha yake na hadhira yake, ya 2,000. Baada ya wiki unajua ipi inauza.

#18 Upepo wa Kusi
Hapana mkuu, hapo utajikwamisha. Seti moja inahitaji matokeo kama 50 ndani ya siku 7 ili itoke kwenye hatua ya kujifunza, yaani kipindi ambacho mfumo bado unatafuta wa kumwonyesha tangazo. Kwa 700 kwa meseji, shilingi 10,000 inakupa kama 14 kwa siku, karibu 100 kwa wiki. Seti moja inatoka vizuri, mbili zinatoka kwa kubahatisha. Ukigawa tano, kila moja inapata 20 na hakuna inayojifunza. Weka seti moja, picha tatu ndani yake, usiiguse wiki nzima. Ukibadilisha hadhira au picha katikati, au ukipandisha bajeti kwa kiasi kikubwa, inaanza upya.

#19 Jibu Haraka
Tatizo la picha tatu ndani ya seti moja ni kwamba mfumo unamwaga karibu hela yote kwenye picha moja siku ya pili tu. Nyingine mbili zinakufa kabla hazijapimwa. Bado naona kuna haja ya kutenganisha, hata kama ni mbili.

#20 Msafiri wa Muscat
Mawazo mazuri. Niongeze kundi mnalolisahau: Wazanzibari tulio Oman tunaojenga nyumbani. Nyumba ikiisha, mapazia tunaagiza kwa simu, na ni nyumba nzima, si dirisha moja. Mzunguko wa kilomita aliosema #16 unatufungia nje. Na tukiandika, huku saa imetangulia moja, mapumziko yetu ni Ijumaa na Jumamosi. Anayetupimia awepo siku hizo, atume video ya kila dirisha na tepu ikiwa imesomeka, kabla ya kuomba malipo.

#21 Mwana wa Mbezi
Hili la Msafiri linagusa na msimu. Mapazia Pwani yanabadilishwa kuelekea Idi. Idi husogea nyuma siku kama 11 kila mwaka, kwa hiyo anayenakili kalenda ya matangazo ya mwaka jana tarehe kwa tarehe anachelewa. Ushonaji unachukua siku, sponsa wiki nne kabla, simamisha siku mafundi wakijaa. Kuendelea kulipia meseji usizoweza kuzihudumia ni kuwanunulia wenzio wateja. Januari nayo ya ada, punguza.

#22 Kanga Moja
Mnajisumbua na kulipia. Tengeneza orodha ya kutuma kwa pamoja WhatsApp, weka wateja wote, tuma picha kila asubuhi. Bure.

#23 Daftari la Mkopo
Kanga, orodha moja inabeba watu 256, na anayepokea ni yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Wengine unaona umetuma, wao hawajaona kitu. Kwa hiyo kazi inaanza nyuma: fundi akimaliza kufunga pazia, mteja ahifadhi namba hapo hapo, kwa sababu ya maana, mfano kukumbushwa kufua au kurekebisha ringi. Na kila asubuhi ni nyingi mno kwa pazia. Watakufungia, na ukifungiwa na kuripotiwa na wengi namba nzima inapigwa marufuku. Wanaotumia WhatsApp za kughushi ili wapite kikomo hicho ndio wanaopoteza namba mapema zaidi.

#24 Kanga Moja
Nimekuelewa, asante. Basi statasi?

#25 Daftari la Mkopo
Statasi nayo inahitaji namba zihifadhiwe pande zote mbili, inakaa saa 24. Nzuri kwa mabaki ya kitambaa: "zimebaki mita 7, zinatosha madirisha mawili ya kawaida". Kitu kinachoisha kweli.

#26 Kipimo Sahihi
Nawashukuru. Nimerudi na jambo la kupima, maana kila mmoja ana sababu yake na hakuna anayeweza kuithibitisha bila kujua meseji imetoka wapi.

Kila tangazo liwe na kiungo chake: wa.me/255 ikifuatiwa na tarakimu tisa za namba, bila alama ya kujumlisha (+) na bila sifuri ya mwanzo, kisha ?text= na maneno yenye msimbo, mfano "Nimeona pazia A3". A ni Instagram, 3 ni picha. Wasifu wa Google uwe G, video ya TikTok iwe T. Nafasi kati ya maneno kwenye kiungo inaandikwa %20, ukiacha wazi kiungo kinakatika. Kosa la kila siku ni kuweka 2550, mteja anaambiwa namba haipo WhatsApp. Kijaribu kwa simu ambayo haijahifadhi namba ya duka.

Mwisho wa wiki hesabu kwa msimbo: meseji ngapi, waliotuma vipimo wangapi, waliolipa wangapi, madirisha mangapi. Kama wengi wanakatika kabla ya vipimo, Jibu Haraka ana hoja. Wakikatika baada ya bei, Dada Pindo. Wakikatika kwenye kulipa, Mwana wa Mbezi.

#27 Dada Pindo
Hesabu nzuri, ila anayekatika baada ya bei anaweza kuwa ameogopa kutapeliwa, akasema "nitarudi" kwa adabu. Kwenye daftari lako atahesabiwa upande wangu kumbe ni wa Mbezi. Jaribu wiki moja picha zenye bei, wiki moja bila.

#28 Mtaa wa Likoma
Wiki moja na nyingine hazifanani. Tarehe 25 hadi 5 watu wana mishahara, tarehe 15 hawana. Wiki yenye bei ikiangukia mshahara, utaisifu bei bure.

#29 Upepo wa Kusi
Ndiyo maana Ads Manager ina jaribio la A/B: hadhira inagawanywa, matoleo mawili yanakwenda siku zile zile. Ila kwa 10,000 kwa siku, oda 9 kwa mwezi, hata hilo halitakupa jibu la kuaminika kwa mauzo. Litakupa la waliotuma vipimo tu.

#30 Bahari Shwari
Na malipo ya awali mnachukua kiasi gani? Nusu inamtisha mgeni.

#31 Dada Pindo
Kitambaa kikishakatwa kwa dirisha lako hakimfai mwingine, kwa hiyo nusu ni lazima. Mgeni unamtoza kwanza pesa ndogo ya kwenda kupima, inayokatwa kwenye oda. Akimwona fundi mlangoni na tepu mkononi, nusu anatuma mwenyewe.

#32 Kisauni
Na aliyejipima mwenyewe akakosea sentimita kumi, hasara ya nani?

#33 Mtaa wa Likoma
Kimo kikizidi, unakunja pindo, hakuna hasara. Kikipungua ndiyo kazi. Mwambie mteja apime kuanzia fimbo hadi sakafuni, atume picha ya tepu juu na chini, nawe mrudishie vipimo kwa maandishi athibitishe kabla hujakata. Akithibitisha 230 na ilikuwa 240, analipia yeye. Usipomrudishia, unalipia wewe.

#34 Bahari Shwari
Na kama bado hajafunga fimbo?